Misuli ya paja haikaririki kwa orodha, anza na vyumba vyake

Mleta uzi, umeuliza utawezaje kukumbuka misuli ya paja na mguu, kila mmoja na unapoanzia, unapoishia na neva inayouendesha, maana kila ukifika wa kumi wale wa mwanzo wameshatoka kichwani. Wakuu waliotangulia wamekushauri utunge vifupisho vya herufi. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasimamia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Vifupisho nimeviona vikifaulisha watu mtihani wa Ijumaa, kisha Jumatatu mgonjwa analala kitandani na mwanafunzi hajui aguse wapi. Kwa hiyo orodha iweke kando kwanza.

Chini ya ngozi na mafuta, paja lote limevikwa utando mgumu unaoitwa fashia lata, umelibana kama soksi. Kutoka kwenye utando huo kuta zinaingia ndani hadi kwenye fupapaja, na hapo paja linagawanyika vyumba vitatu: cha mbele, cha ndani na cha nyuma. Kila chumba kina kazi yake kubwa na neva yake. Cha mbele kinanyoosha goti, na neva yake ni femorali. Cha ndani kinayabana mapaja yakutane, na neva yake ni obturata. Cha nyuma kinakunja goti na kulivuta paja nyuma, na hicho ni cha siatiki. Femorali na obturata zote mbili zinatoka kwenye mizizi ya neva ya uti wa mgongo sehemu ya kiuno, ya 2 hadi ya 4. Ukishajua msuli unakaa chumba gani, neva yake na sehemu kubwa ya kazi yake umeshazipata.

Sasa fanya kwa mwili wako. Kaa kwenye kiti, weka kiganja juu ya paja, nyoosha goti. Kinachokaza chini ya kiganja ni kwadrisepsi, misuli minne inayoungana kuwa kano moja, inayopita kwenye pia ya goti na kuishia kwenye kile kinundu cha mfupa unachokigusa chini kidogo ya goti. Mitatu kati yake, yaani ile vastasi, inaanzia kwenye fupapaja lenyewe. Wa nne, rektasi femorisi, unaanzia juu kwenye fupanyonga, kwa hiyo unavuka viungo viwili: nyonga na goti. Hilo usilipite haraka. Msuli unaovuka viungo viwili unavutika kupita kiasi pale viungo vyote viwili vinapoutanua kwa wakati mmoja, na rektasi femorisi unatanuka nyonga ikiwa nyuma na goti limekunjwa. Huo ndio mkao wa mpiga mpira anapouvuta mguu nyuma kabla ya shuti, na ndiyo maana wachezaji wanachanika pale. Hamstringi, ile misuli ya nyuma, inachanika kwa sababu hiyohiyo upande wa pili: mkimbiaji anaurusha mguu mbele, nyonga imekunjwa, goti linanyooka.

Bado uko kwenye kiti? Peleka vidole upande wa ndani wa goti, kisha shuka kidogo hadi juu ya mfupa wa muundi. Hapo zinafika kano tatu pamoja: ya sartoriasi, ya grasilisi na ya semitendinosasi. Mimi napenda kuanzia hapa kuliko mahali pengine popote pa mguu. Sartoriasi ni wa chumba cha mbele, na ndio msuli mrefu kuliko yote mwilini. Unatoka ncha ya mbele ya fupanyonga na kulikata paja kimshazari. Grasilisi ni wa chumba cha ndani, unatoka kwenye mfupa wa kinena. Semitendinosasi ni wa chumba cha nyuma, unatoka kwenye ule mfupa unaoukalia. Vyumba vitatu, neva tatu, pembe tatu za fupanyonga, na zote zinakutana sehemu ndogo usiyoshindwa kuifunika kwa vidole viwili, zikilishikilia goti upande wa ndani. Mwanafunzi akiielewa sehemu hii huwa naona ramani ya paja zima imeshamkaa.

Misuli inayovunja kanuni ndiyo ya kukariri, na ni michache. Adakta magnasi umo chumba cha ndani, lakini sehemu yake inayotoka kwenye mfupa wa kukalia inafanya kazi ya hamstringi na inaendeshwa na siatiki. Kichwa kifupi cha bisepsi femorisi hakivuki nyonga kabisa, kinaanzia kwenye fupapaja, na nyuzi zake za neva ni za upande wa fibula wa siatiki (fibula ni ule mfupa mwembamba wa nje chini ya goti), wakati wenzake wote wa nyuma wanatumia upande wa tibia, yaani mfupa wa muundi. Pektineasi unakaa mpakani mwa mbele na ndani, na kwa kawaida unaendeshwa na femorali. Basi.

Kwenye kinena kumbuka mpangilio tu: ukitoka nje kwenda ndani unakuta neva, ateri, vena, kisha tezi za limfu, zile zinazovimba tukasema mtu ana mtoki. Ateri hiyo inashuka, inapenya tundu lililo kwenye adakta magnasi na kutokea nyuma ya goti.

Chini ya goti habari ni ileile: kuna chumba cha mbele, cha nje na cha nyuma, isipokuwa cha nyuma kina tabaka mbili. Neva ya kuichunga hapa ni ile ya pamoja ya fibula. Inazunguka shingo ya fibula, upande wa nje chini kidogo ya goti, ikiwa karibu kabisa na ngozi. Niliwahi kupokea mama aliyefungwa plasta iliyombana pale. Ilipotolewa alikuwa hawezi kuinua unyayo, vidole vinaburuza chini, ngozi ya upande wa juu wa unyayo imekufa ganzi, lakini kusimama kwa vidole anaweza vizuri. Soma kwa vyumba: mbele na nje, vinavyoendeshwa na neva hiyo, vimelala, nyuma kuko hai kwa sababu neva ya tibia inapita njia nyingine. Huhitaji mashine kujua neva imebanwa wapi.

Hizo kuta za vyumba zina hatari yake pia, kwa sababu hazitanuki. Mtu akivunjika tibia, damu na uvimbe vinaweza kupandisha shinikizo ndani ya chumba hadi misuli ikose damu. Dalili ya kuikimbilia ni maumivu makali yasiyolingana na jeraha, yanayozidi ukimnyoosha vidole vya mguu. Usijipe moyo kwa kuwa mapigo ya damu kwenye kifundo bado yapo. Yanaweza kuwepo na msuli unakufa. Hapo anatakiwa daktari wa upasuaji aupasue ule utando, na inahesabiwa kwa saa, si kwa siku.

Na jambo la mwisho, hili nakuomba ulishike hata usipoulizwa kwenye mtihani. Neva za femorali na obturata zinapeleka matawi kwenye nyonga na kwenye goti pia, kwa hiyo ugonjwa wa nyonga unaweza kuuma gotini. Nililetewa kijana wa umri wa kubalehe afanyiwe mazoezi ya goti. Goti lilikuwa zima. Nilipomkunja nyonga, paja likageuka nje lenyewe bila yeye kutaka. Nikasimamisha mazoezi na kumrudisha apigwe picha ya nyonga: kichwa cha fupapaja kilikuwa kimeteleza kwenye sehemu ya ukuaji wa mfupa. Aliwekewa skrubu. Mtoto anayechechemea na kulalamika goti, kagua nyonga yake siku hiyohiyo.

Kwa mazoezi, chora paja lililokatwa katikati, weka mfupa, kuta na vyumba, ujaze misuli bila kuangalia kitabu. Rudia kwa mguu wa chini ya goti. Unyayo sijaugusa kwa makusudi. Una tabaka nne za misuli na unastahili uzi wake, ukiufungua nitag nitakuja.