Setilaiti inaanguka muda wote, ila haifiki chini (jibu la fundi dishi, Moshi)

Mkuu umeuliza setilaiti ina tani kadhaa mbona haituangukii, na mdau mmoja kakujibu eti kule juu hakuna uvutano ndo maana inaelea. Mi ni fundi dishi hapa Moshi, nipo kwenye mabati ya watu mwaka wa 13 saizi, na hilo jibu nalisikia kwa wateja kila siku, ila sio kweli kabisa. Uvutano upo. Kile kituo wanachokaa wanaanga kipo kama kilomita 400 tu juu, yaani Moshi Arusha mara tano, na pale uvutano bado ni karibu asilimia 90 ya huu wa hapa chini. Ungekuwa na mnara wa urefu huo ukasimama juu yake ukaachia jiwe, lingeshuka kama kawaida.

Mi nilielewa kupitia kombeo. Utotoni tuliwekwa kulinda ndege kwenye mpunga kule Chekereni, unasuka kombeo lako la katani, unaweka donge la udongo mkavu, unazungusha juu ya kichwa, na ukizidisha kasi kitanzi kinakubana kidole mpaka kinaacha alama nyekundu. Sasa angalia ukiachia ncha moja: donge haliendelei kuzunguka, linanyooka kulekule lilikokuwa linaelekea sekunde ile ile. Hiyo tabia ya kitu kutaka kwenda moja kwa moja bila kubadili mwendo ndo inesha. Kilichokuwa kinalikunjisha kona ni kamba tu. Basi kwa setilaiti kamba ni uvutano wa dunia, na kwa vile huko juu hewa karibu hakuna, karibu hakuna cha kuipunguza mwendo, haihitaji mkono wa kuendelea kuizungusha.

Mwanasayansi Newton alilieleza hili miaka ya 1600 huko kwa mfano wa mzinga unaofyatua tufe juu ya mlima mrefu, na sisi mlima tunao. Chukulia uko Kilimanjaro kileleni Kibo, mita 5,895, unarusha jiwe kwenda pembeni. Sekunde ya kwanza litashuka kama mita 5, urushe polepole au kwa nguvu ni zile zile 5. Lakini dunia ni duara, ukienda kilomita 8 hivi ardhi yenyewe inakuwa imeinama mita 5. Kwa hiyo ukilirusha kilomita 8 kwa sekunde, yaani Moshi mpaka Arusha sekunde 10, jiwe linashuka mita 5 na ardhi nayo imeshuka mita 5, umbali uko pale pale, sekunde inayofuata hivyo hivyo, mpaka linakurudia kwa mgongoni. Linaanguka kweli, ila chini halipafikii. Hapo Kibo hewa ingelichoma ndo maana roketi inapanda kwanza, lakini kazi yake kubwa sio kupanda, ni kukimbia pembeni.

Sasa ukizidi kwenda juu uvutano unapungua na mwendo unaohitajika unapungua. Kile kituo cha kilomita 400 kinamaliza mzunguko kwa dakika 90 na kitu. Setilaiti za TV ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, zinaenda kama kilomita 3 kwa sekunde, mzunguko mmoja masaa 23 na dakika 56, sawasawa na dunia inavyojizungusha. Ndo maana nikishakaza nati za dishi lako linakaa miaka bila kuguswa, hiyo setilaiti unayodhani imetulia inakimbia pamoja na wewe.

Kuna mama mmoja Pasua alinisimamisha nikiwa bado kwenye ngazi, "mwanangu mbona umelilaza linaangalia mawingu, kwa kijana wangu Afrika Kusini linaangalia pembeni". Nikamwambia mama, hizi ziko juu ya ikweta na sisi ikweta ni jirani, ile iliyokaa juu ya longitudo ya digrii 36 mashariki, ukiitazama kutokea hapa iko karibu utosini, digrii 86 hivi kutoka usawa wa ardhi, kijana wako yuko mbali kusini lazima aitafute chini zaidi. Akaingia ndani kucheki picha, akarudi na chai.

Halafu kuhusu mafuta, maana najua swali linafuata. Setilaiti za TV zinabeba mafuta ila sio ya kuzizuia zisianguke. Mwezi na jua vinazivuta kidogo kidogo zinatoka kwenye mstari, wanazirudisha kwa vijiinjini vidogo, na kabla hayajaisha, mara nyingi baada ya miaka kama 15, wanaisukuma juu kama kilomita 300 ipishe nyingine. Isiposukumwa pia haianguki, inaanza tu kupanda kaskazini na kushuka kusini kila siku, na hapa chini dishi lako linashika mawimbi masaa fulani, mengine linapoteza, wakati nati ziko vile vile nilivyozikaza.