Usifanyie kibali cha injini mbili kwenye Cessna 337

Usilipie mafunzo hayo, ndugu yangu, kabla ya kusoma haya. Umesema tayari una leseni ya Marekani ya ndege za injini moja za nchi kavu, chuo kimekupa bei nafuu ya kufanyia kibali cha injini mbili kwenye Cessna 337, na umeuliza pia kuhusu cheti cha afya na ndege za majini. Mimi nashika hilo la Cessna, maana ndilo lililonigharimu.

Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, hutoa vibali kwa kundi la chombo, kisha kwa daraja: injini moja au zaidi, nchi kavu au majini. Wengi hudhani mambo yameishia hapo, lakini kibali kinaweza kuandikiwa kikomo kutokana na ndege uliyofanyia mtihani.

Cessna 337 ina injini moja puani na nyingine nyuma ya kabini, katika mstari mmoja, hivyo mojawapo ikizimika ndege hupungukiwa nguvu bila kuvutwa upande. Kwenye Piper Seminole, injini ya kushoto ikizimika, pua hukimbilia kushoto nawe hukanyaga pedali ya kulia kwa nguvu zote; kasi ikishuka chini ya Vmc, ule mstari mwekundu wa chini kwenye kipimakasi, usukani wa mkia hauwezi tena kuizuia ndege isigeuke. Mtengenezaji wa 337 hakuiwekea Vmc, kwa hiyo mtahini hawezi kukupima jambo hilo, na leseni yako itaandikwa kwamba mwisho wako ni ndege zenye msukumo wa katikati, yaani zenye injini katika mstari mmoja kama hiyo.

Mwalimu wangu aliyajua hayo yote. Nilipomuuliza alinijibu kwamba injini mbili ni injini mbili, akapokea fedha. Hasira yangu kwake haijaisha, kwa sababu alinyamaza ili ndege yake isikae bure uwanjani. Nilipoomba kazi, aliyepokea faili langu alisoma mstari ule mmoja nyuma ya leseni, akanirudishia karatasi bila hata kufungua kitabu changu cha saa za kuruka.

Kikwazo hicho huondolewa kwa kurudi kwa mtahini na ndege yenye Vmc, yaani unalipia upya ndege, mwalimu na mtahini. Kabla ya kutoa hata senti moja, omba kitabu cha ndege hiyo, fungua sura ya vikomo, utafute Vmc. Usipoiona, nenda kwenye chuo chenye Seminole au Seneca, ndege nyingine ya Piper yenye injini kwenye mabawa, hata kama ni mji mwingine.