Sultani alitoa ahadi au alifunga mkataba?

Msomaji anatafsiri makala ya historia ya Milki ya Osmani na kakwama kwenye neno "ahdname", jina la hati ambazo sultani aliwapa mataifa ya kigeni. Yeye anaandika mkataba, mwenzake anamwambia aweke suluhu, mwingine kamwambia ahadi. Ashike lipi?

Mi ningeandika "hati ya ahadi", na sisemi hivo kwa sababu tu "ahd" ndo ahadi yetu hii hii, kuna maneno kibao tuliyochukua Kiarabuni yakageuka maana kabisa. Angalia hati yenyewe inavyoongea. Mwaka 1580 Murad III aliwapa Waingereza hati ya namna hiyo: wafanyabiashara wao waingie bandarini kwa amani, wasitozwe kodi ya kichwa, kesi zao zisisikilizwe bila mkalimani wao kuwepo. Anayezungumza humo ni sultani peke yake, tughra yake (ile nembo ya jina lake) iko juu, yeye ndo anayetoa na wao wanapokea, na wakivunja urafiki hati inakufa. Tena ilikuwa inamfunga yule aliyeitoa tu, kwahiyo sultani akifariki balozi anaanza upya kuomba kwa mrithi, afungue mkoba tena maana zawadi lazima. Sasa mkataba gani huo wa upande mmoja? Hali ilibadilika kwa Wafaransa mwaka 1740, Mahmud I akajifunga yeye pamoja na warithi wake, na hiyo ilikuwa shukrani kwa balozi wao Villeneuve aliyepatanisha Osmani na Austria kwenye amani ya Belgrade mwaka mmoja kabla.

Suluhu ni kitu kingine. Hapo vita inasimama, na kwa mafakihi (wanasheria wa Kiislamu) wa Osmani amani na dola isiyo ya Kiislamu iliwekewa muda, mfano wao ukiwa Hudaibiya ambako Mtume (S.A.W.) alipatana na Makureshi kwa miaka 10. Mwaka 1547 Sultani Suleiman alimpa Ferdinand wa Austria miaka 5, tena kwa malipo ya dukati 30,000 (sarafu za dhahabu) kila mwaka. Ukiandika "suluhu ya miaka 5" msomaji anaelewa palepale. Ila usije ukaandika "suluhisho", hilo ni la tatizo, siku hizi watu wanayachanganya mpaka redioni, wakati shabiki wa mpira akisikia timu zimetoka suluhu haulizi maana.

Mkataba uuweke pale wawili wanapokaa wakavutana wakafungana kwa vifungu. Zsitvatorok 1606 unafaa kabisa: wajumbe walikutana mpakani, Austria ikalipa florini 200,000 mara moja ikamaliza habari ya kodi ya kila mwaka, na sultani akakubali kumwita mtawala wao kaisari badala ya mfalme wa Vienna. Muda ulikuwa miaka 20, kwahiyo ni suluhu iliyoandikwa kwa mkataba, maneno yote mawili yanakaa bila kugombana. Karlowitz 1699 ndo usiseme, kulikuwa na wapatanishi wa Uingereza na Uholanzi, na Küçük Kaynarca 1774 hata sultani mwenyewe angekataa kuiita ahadi yake maana Urusi ilimtoa Crimea mikononi, akabakiwa na heshima ya ukhalifa tu.

Vitenzi navyo viangalie: sultani alitoa ahadi, pande mbili zilifunga mkataba au zilitiliana saini, maadui walifanya suluhu. "Sultani alitoa mkataba" inanikwaruza masikio.

Halafu msomaji aliuliza pia kama yule "bailo", mwakilishi wa Venice aliyekaa Istanbul, anaweza kumwita balozi. Amwite tu bila wasiwasi, Waturuki walimwita balyoz, neno likashuka mpaka Ghuba ambako Waarabu walimwita hivo mwakilishi wa Uingereza, na ndo likatufikia sisi pwani. Huyo wa nyumba kumi amelirithi baadaye sana.