Kanisa la kambini: nenda, ila ratiba iache nyumbani

Mdogo wangu, umeuliza kama ujitolee kwenye kile kikanisa cha kambi ya mkonge huko Muheza, waumini wachache, wengi wa asili ya Burundi na Msumbiji, paa linavuja na sadaka haitoshi hata mafuta ya jenereta. Nenda tu.

Ila kumbuka babu zao waliletwa kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, kukata mkonge ambao Mjerumani Hindorf aliuingiza nchini mwaka 1893. Wamezoea wageni wanaokuja kuwapangia mambo. Mimi nilipoanza kusaidia kanisa la namna hiyo nilikwenda na ratiba safi, ibada saa tatu. Hakuja mtu. Kumbe Jumapili asubuhi kina mama wako foleni bombani, maji yanatoka kwa zamu. Tukasogeza hadi saa tano. Madumu yakapangwa ukutani nje, watu wakaingia.

Halafu waombe mabibi wafundishe kwaya wimbo mmoja wa Kirundi au Kimakua. Utashangaa nani atarudi kanisani. (Mimi matamshi yamenishinda, wananicheka mpaka leo.)

Pesa: sadaka usiishike peke yako hata siku moja. Wahesabu watu wawili, iandikwe, isomwe mbele ya wote. Bati mtanunua moja moja.

Na kwa kuwa una kazi mjini, sema mapema utakwenda Jumapili zipi. Mbili kwa mwezi zinatosha, mradi usizikose.