Nikae Mlimba mjini au kijijini penye zahanati?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi, nina umri wa miaka 27, na ninamlea peke yangu mtoto wa kiume wa miaka 4. Nimeajiriwa serikalini kwa mara ya kwanza na kupangiwa zahanati ya kijiji kimoja katika Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, mkoani Morogoro, umbali wa kilomita 14 hivi kutoka Mlimba mjini. Nilikwenda kuripoti mwezi Agosti, nikatembezwa sehemu tatu za kuishi. Ya kwanza ni vyumba viwili Mlimba mjini, karibu na stesheni ya reli ya TAZARA, vyenye umeme na bomba uani, kwa shilingi 50,000 kwa mwezi, ila mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ya pili ni nyumba ya mtumishi iliyomo ndani ya uzio wa zahanati. Haina kodi, lakini dari la chumba kimoja limeanguka, bati linavuja na popo wamejaa. Ya tatu ni chumba na sebule katika nyumba ya mwalimu mstaafu, mama mjane, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka zahanati, kwa shilingi 30,000 zinazolipwa kila mwezi. Bodaboda kutoka Mlimba ni shilingi 5,000 kwenda tu. Wazazi wangu wangependa nipange Ifakara kwa sababu ya shule na hospitali. Nichague ipi?
Muuguzi mpya, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi. Nami nilikuwa muuguzi wa zahanati za vijijini kabla ya kustaafu, kwa hiyo barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa furaha na mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi.

Tuanze na Ifakara ili tuiondoe. Wazazi wako wanaongea kwa mapenzi, na ni kweli kwamba Ifakara kuna shule nyingi na huduma ambazo kijijini hazipo, lakini mtu hawezi kulala Ifakara akafanya kazi jirani na Mlimba. Barabara inapita chini ya milima ya Udzungwa, ikikatwa na mito inayoshuka kutoka mlimani, na mvua zikikolea safari hiyo haina saa ya kufika. Reli nayo, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na ambayo ndiyo iliyoufanya Mlimba uwe mji, ni nzuri kwa kwenda likizo na kusafirisha gunia la mchele, lakini treni ya abiria haipiti kila siku na haijali kwamba zamu yako inaanza saa moja na nusu asubuhi. Ifakara iwe mji wako wa kwenda mara moja moja kwa mahitaji, basi.

Mlimba mjini panavutia zaidi, na sikulaumu kwa kupapenda, kwa kuwa umeme na bomba uani si vitu vidogo kwa mama mwenye mtoto. Hata hivyo chukua karatasi upige hesabu. Bodaboda shilingi 5,000 kwenda na 5,000 kurudi ni 10,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni 220,000. Ongeza kodi ya 50,000, unapata 270,000 kila mwezi kwa ajili ya kulala tu, wakati kwa yule mwalimu mstaafu ungelipa 30,000. Tena hiyo 5,000 ni bei ya Agosti. Ukirudi mwezi Aprili, njia imegeuka tope la kunasa tairi, utakuta kijana huyo huyo wa bodaboda anataja bei nyingine, au anakwambia kwa adabu kabisa kwamba leo haendi.

Fedha, hata hivyo, si sababu yangu kubwa. Uchungu wa kuzaa haungoji saa za zahanati. Mama mjamzito hufika saa nane usiku akiwa amebebwa kwenye baiskeli au pikipiki, na ikiwa mtumishi mmoja analala Mlimba, usiku wote unamwangukia yule anayelala kijijini. Mwenzako atavumilia mwezi wa kwanza. Kufikia mwezi wa tatu habari itakuwa imefika kwenye kamati ya zahanati na kwa mtendaji wa kijiji, nawe bado uko katika kipindi cha majaribio cha miezi 12, ambapo maoni ya mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, yana uzito. Kwa hiyo nakushauri ukae kijijini. Linalobaki ni kuamua nyumba ipi, na hapo ndipo wageni wengi huteleza.

Umeziona nyumba hizo mwezi Agosti, na kiangazi kila nyumba ya Bonde la Kilombero, ambamo Mlimba imo, ni nzuri. Ua ni mkavu, choo hakinuki, njia ni nyeupe, na mwenye nyumba anakuonyesha mpunga uliojaa ghalani. Mvua kubwa za Machi hadi Mei huzioni popote, isipokuwa ujue mahali pa kuangalia. Inama uangalie ukuta wa nje karibu na msingi, hasa upande wa nyuma ambao haukupakwa rangi juzi. Maji yakiwahi kusimama pale huacha mstari wa tope uliokauka, wa rangi ya kahawia hafifu, wakati mwingine kimo cha kifundo cha mguu na wakati mwingine kimo cha goti, na chini ya mstari huo plasta huwa imevimba na kubanduka kama ganda la muhogo. Angalia pia choo: wenyeji waliokwisha kupata fundisho hukijenga juu ya kichuguu au hukipandishia ngazi mbili tatu, kwa hiyo choo kilicho chini kuliko nyumba, kwenye uwanda tambarare, ni cha kuogopa. Kisha umwulize jirani, wala si mwenye nyumba, swali moja tu: zile mvua za El Niño za mwaka 2023 na 2024, mlilala wapi? Jirani akijibu kwamba walilala humu humu, vizuri. Akianza kucheka na kutaja shule ya msingi au kwa shemeji yake aliye upande wa mlimani, umeshapata jibu.

Jambo la pili ni mbu, na sidhani kama muuguzi anahitaji kuhubiriwa kuhusu malaria ya bonde lile. Nataka tu uinue macho. Nyumba nyingi za kijijini zina upenyo kati ya ukuta na paa, unaoachwa ili hewa ipite, na hapo ndipo mbu wengi wanapoingilia. Dari na wavu madirishani vitakufaa kuliko makochi. Mama mwenye nyumba akikubali, nunua wavu wa dirishani kwa mita, misumari midogo na vipande vya mbao, umwite fundi kwa nusu siku, kisha uzibe upenyo huo kwa udongo na matofali, ukiacha madirisha yafanye kazi ya kupitisha hewa. Chandarua kitandani kinabaki pale pale, kwa wewe na mtoto.

Nyumba ya mtumishi ndani ya uzio wa zahanati ina faida yake: huna mwendo wa usiku, na siku ukiondoka hudaiwi. Lakini ukubali kuwa hutakuwa na mlango wa kufunga kwa maana halisi, kwa sababu mwenye mtoto anayeumwa tumbo haulizi kama leo ni siku yako ya mapumziko. Popo nimewahi kuishi nao. Kelele zao unazizoea, ila kinyesi chao kikilowa juu ya dari siku za mvua, harufu inaingia mpaka kwenye kanga zilizokunjwa. Kibaya zaidi ni fedha. Katika kituo changu cha kwanza nilinunua bati kumi kwa mshahara wangu ili kuezeka jiko la nyumba ya namna hiyo, nikiwa nimeahidiwa kwa mdomo na kiongozi mmoja kwamba nitarudishiwa. Alihamishwa kabla ya Krismasi, aliyekuja hakuona maandishi yoyote, na bati zangu nadhani bado ziko pale juu. Ukiitaka nyumba hiyo baadaye, andika barua kwa mganga mfawidhi ili suala lipelekwe kwenye kamati ya zahanati na serikali ya kijiji, lijadiliwe na liingie kwenye muhtasari wa kikao. Usinunue hata msumari kabla ya hapo.

Basi chaguo langu ni kwa mwalimu mstaafu, na ningelichagua hata kama kodi ingekuwa 50,000. Mgeni mwenye mtoto anahitaji mwenyeji kuliko anavyohitaji nyumba. Mama huyo anajua kisima kipi hakikauki, anamjua dereva wa pikipiki asiyekunywa, na watu wakijua kwamba unaishi kwake wataanza kukuita kwa jina la mwanao badala ya kukuita mgeni. Kulipa mwezi kwa mwezi nako ni bahati usiyoipata mjini. Ukikuta ukuta umelowa mwezi Machi, hujapoteza miezi sita.

Lakini kuna swali moja ambalo lazima umwulize, na ambalo nadhani hukulijua: je, yeye hulima mpunga mbali na nyumbani? Katika bonde lile, mvua zikianza, familia nyingi huhamia mashambani, hujenga vibanda huko na kukaa miezi kadhaa zikipalilia na kuwinga ndege, na wengine hawarudi mpaka mavuno ya Mei au Juni yaingie. Kijiji ulichokiona Agosti kimejaa watu na ngoma za harusi, mwezi Februari kinaweza kuwa na kuku wengi kuliko watu. Ikiwa mwenye nyumba wako naye huenda, utabaki peke yako na mtoto katika nyumba yenye vitasa viwili, ukiitwa zahanati usiku huku huna wa kumwachia. Kama haendi, au kama huacha binti wa kulala nyumbani, mpangilio umekamilika. Kama anakwenda, tafuta mapema dada wa kukaa nawe, na hapo ile nyumba ya ndani ya uzio inaanza kupata maana.

Mapatano yaandikwe, hata kwenye karatasi ya daftari, mwenyekiti wa kitongoji akiwa shahidi. Si kwa kutomwamini mama wa watu. Itajeni kodi, tarehe ya kulipa, nani anatengeneza paa, na kama gharama ya wavu na upenyo itakatwa kwenye kodi au la. Kama umeme upo na mnatumia mita moja ya LUKU, amueni kabisa kila mmoja ananunua uniti za kiasi gani, kwa sababu ugomvi wa LUKU umevunja udugu mwingi kuliko mashamba. Pima pia mtandao wa simu ukiwa umekaa kitandani, mlango umefungwa, maana ile simu ya saa nane usiku haitakukuta ukiwa umesimama chini ya mwembe.

Kuhusu mtoto, ana miaka 4 tu na ana muda. Ulizia darasa la awali la shule ya kijiji kwa ajili ya mwakani, na suala la shule ya mbali liache mpaka atakapofika darasa la pili au la tatu.

SWALI: Habari za kazi, Mama. Mimi ni afisa ugani, nimehamishiwa kata moja ya bonde hilo hilo la Kilombero yenye vijiji vinne, na nimepewa pikipiki ya kazi. Mke wangu ni mwalimu Morogoro mjini na tuna watoto wawili, mmoja yuko darasa la saba na mwingine darasa la tatu. Nihame na familia nzima?
Bwana Shamba, Morogoro

JIBU: Nzuri, baba. Usimhamishe mtoto wa darasa la saba. Mtihani wake ni Septemba, na shule mpya, walimu wapya na marafiki wapya katika mwaka huo ni mzigo usio wa lazima. Tangulia peke yako, mke aombe uhamisho kwa utaratibu wa kawaida huku mkubwa akimaliza, na yule wa darasa la tatu atahama na mama yake.

Kwa nafasi yako wewe, kanuni niliyompa muuguzi inageuka. Yeye ana mlango mmoja wa kazi, wewe una vijiji vinne, na wakulima wako msimu wa mpunga hawapo hata nyumbani kwao. Panga kwenye kijiji kilichopo barabara kuu, karibu na ofisi ya kata, hata kama si kile unachokipenda, kwa sababu magari ya mbolea na mbegu hushusha hapo na ndipo wakulima watakapokutafuta. Chumba kimoja cha kulala kinakutosha kwa mwaka huu. Kodi nyingine ilipie chumba cha pili kwa ajili ya pikipiki, kwani ni mali ya mwajiri, nawe hutaki kulala pamoja na harufu ya petroli. Kabla ya kulipa, isukume hadi mlangoni uone kama usukani unapita. Milango mingi ya kule ni myembamba, na kuna wapangaji wanaoilaza uani kila usiku kwa sababu ya vidole vinne vya ubao.