Kabla Hujanunua Franchaizi, Mtafute Aliyeiacha

Mwaka wa pili wa duka langu la kufulia nguo, nililolifungua kwa franchaizi, yaani kwa kulipia kutumia jina na utaratibu wa kampuni nyingine, dumu moja la sabuni lilianguka wakati wa kushushwa kwenye gari. Sabuni ikamwagika, na lebo ya kampuni ikalowa na kubanduka. Chini yake kulikuwa na lebo nyingine, ya kiwanda ambacho huuza sabuni ileile kwa yeyote anayekwenda kununua. Nilipiga simu kiwandani nikauliza bei. Mimi nilikuwa nalipa mara moja na nusu ya bei hiyo, mwezi baada ya mwezi, kwa sababu mkataba nilioutia saini ulinibana ninunue vifaa vyote kwa kampuni yenye chapa. Kifungu hicho kilikuwepo tangu siku ya kwanza. Nilikipita haraka, maana akili yangu ilikuwa kwenye rangi za duka na kwenye hesabu ya faida niliyoonyeshwa ukutani.

Duka lile nililifunga mwaka wa nne. Leo nina franchaizi nyingine, ya usafi wa ofisi. Inaingia mwaka wa sita na ndiyo inayolisha nyumba yangu. Napigiwa simu nyingi na watu wanaotaka kuingia kwenye biashara za namna hii, wengine wakiwa na kiinua mgongo chote mkononi, na kila mara naumia nikisikia wanauliza chapa gani ni nzuri. Swali la kuanza nalo ni mwenye chapa anapata fedha zake wapi.

Kwa kawaida kuna njia tatu zinazofahamika: ada ya kuingia unayolipa mara moja, mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina lake, unaokatwa kila mwezi au kila wiki, na mchango wa matangazo. Lakini kuna wanaopata zaidi kwa kukuuzia vifaa, kama nilivyouziwa mimi sabuni. Kuna wanaopata kwa kukupangisha jengo: McDonald's, pamoja na umaarufu wake wote, hupokea kutoka kwa wenye matawi fedha nyingi zaidi za pango kuliko za mrabaha. Hilo si kosa wala si siri, limeandikwa kwenye hesabu zake za kila mwaka. Ila ni lazima ulijue kabla, kwa sababu mtu anayepata kwenye pango au kwenye dumu la sabuni anaendelea kupata hata mwezi ambao wewe hukupata chochote.

Na mrabaha wenyewe hukatwa kwenye mauzo, si kwenye faida. Hapa ndipo wengi tunapoteleza, kwa hiyo niandike hesabu nzima. Chukua kila 100 inayoingia dukani kwangu enzi zile. Mrabaha 8, matangazo 3, pango 18, mishahara 27, umeme na maji 17, sabuni na vifaa 12. Hapo zimekwenda 85. Marejesho ya mkopo 9. Nabaki na 6. Sasa mauzo yashuke kwa sehemu moja ya tano tu, badala ya 100 iingie 80. Mrabaha unakuwa 6.4, matangazo 2.4, umeme na maji 13.6, sabuni 9.6. Pango, mishahara na mkopo havishuki hata kidogo, ni 54 palepale. Jumla 86. Nimeingiza 80, nimetoa 86, na katika mwezi huo wa hasara bado mwenye chapa amepokea 8.8 zake zote. Ukitaka kununua franchaizi yoyote, kaa chini ufanye hesabu hii kwa mauzo waliyokuahidi, kisha uirudie kwa mauzo pungufu kwa sehemu moja ya tano, na mara nyingine tena kwa sehemu moja ya tatu. Kama huna akiba ya kukubeba miezi kadhaa ya namna hiyo, mtaji wako bado haujatosha, hata kama ada ya kuingia unaimudu.

Baada ya kufunga nilikaa karibu mwaka mzima bila kugusa biashara. Nilipoanza kutafuta tena, chapa ya kwanza niliyoipenda ilikuwa ya maduka ya vifaa vya ofisi. Safari hii sikuenda kwa wenye matawi niliotajiwa na kampuni. Hao huchaguliwa, na ni haki yao kuwachagua. Nikamtafuta mtu aliyetoka. Ilinichukua wiki tatu kumpata mama mmoja aliyekuwa na tawi kwa miaka mitano. Alinikaribisha kwake, akaingia chumbani, akatoka na daftari la jalada gumu lililofungwa kwa mpira. Kila ukurasa ulikuwa na safu mbili za kalamu, ya buluu ya mauzo na nyekundu ya kilichobaki. Nikamuuliza kwa wastani alikuwa anauza kiasi gani.

"Mwanangu," akaniambia, "hilo hata wao watakujibu. Niulize hii nyekundu."

Tulipekua pamoja. Mauzo yalipanda kila mwaka. Ile safu nyekundu ilipanda miaka miwili, kisha ikaanza kushuka, na mwaka wa nne kulikuwa na kurasa nne mfululizo ambazo safu hiyo haina kitu, ameweka kistari tu. Alinionyesha ulipoanzia mteremko: kampuni ilikuwa imeanza kuwauzia wateja wa mtaa wake moja kwa moja kwenye intaneti. Mkataba ulimlinda asifunguliwe tawi jirani. Kuhusu mauzo ya mtandaoni haukusema neno. Mimi ningeweza kusoma mkataba ule mara kumi nisilione pengo hilo, maana halikuandikwa popote. Lilikuwa kwenye daftari lake.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa ni huo. Watafute waliotoka, watatu au wanne, si mmoja, kwa sababu mtu aliyeumia anaweza kuwa na hasira na mtu aliyezembea anaweza kulaumu wengine. Waulize walibaki na nini baada ya kujilipa mshahara, walikaa dukani saa ngapi kwa siku, walipokwama walisaidiwa na nani na baada ya siku ngapi. Na utakayemkuta amekataa kuzungumza usimhesabu kama adui. Wengine wametia saini ahadi ya kutosema lolote kama sharti la kuruhusiwa kutoka. Ukikutana na ukimya wa watu watano kwenye chapa moja, nao ni jibu.

Utawapataje? Marekani sheria imerahisisha. Mwenye chapa analazimika kumpa mnunuzi hati ya maelezo yenye sehemu 23, angalau siku 14 kabla ya kutia saini au kulipa chochote. Sehemu ya 3 inataja kesi za mahakamani. Ya 7 inakadiria mtaji wote wa kuanzia, pamoja na fedha za kuendeshea miezi ya mwanzo. Ya 20 ina hesabu ya matawi yaliyofunguliwa, yaliyofungwa na yaliyobadilisha wamiliki kwa miaka mitatu, na majina ya waliotoka katika mwaka uliopita. Ufaransa muda wa kusoma ni siku 20. Afrika Kusini mnunuzi ana siku 10 za kazi baada ya kutia saini ambazo ndani yake anaweza kuvunja mkataba bila adhabu. Nchi nyingi hazina sheria ya namna hii, lakini hakuna kinachokuzuia kuomba mambo hayohayo kwa barua. Mimi niliandika barua ya kurasa mbili nikaituma kwa kampuni tatu. Moja ilijibu kila kitu. Ya pili ilinijibu kwamba nafasi zinakwisha wiki hiyo, nilipe kwanza. Ya tatu haikujibu kabisa. Niliyonayo leo ni ile iliyojibu.

Kuhusu matawi yaliyobadilisha wamiliki, tulia hapo. Tawi linaweza kuwa wazi miaka kumi, taa zinawaka, bango safi, kumbe limepita mikononi mwa watu watatu na kila mmoja ameondoka ameacha akiba yake humo. Kwenye takwimu za kampuni hakuna tawi lililofungwa. Uliza kila tawi lina mmiliki wa ngapi.

Mkataba upelekwe kwa mwanasheria anayejua mikataba ya franchaizi, si yule jamaa anayekusaidia mambo ya viwanja. Lakini usome na wewe mwenyewe, na uanzie nyuma, kwenye kuvunja mkataba. Mimi nilipofunga duka ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimetoa dhamana binafsi kwenye pango. Kampuni yangu ndogo ilikufa, deni likahamia kwangu. Nililipa pango la duka lililofungwa kwa miezi minane, mpaka mwenye jengo alipopata mpangaji mwingine. Nikakuta pia nimezuiwa kufanya kazi yoyote ya ufuaji kwa miaka miwili, kazi pekee niliyokuwa nimeijua vizuri wakati ule. Angalia pia kama muda wa pango unalingana na muda wa mkataba wa chapa, na kama ukitaka kuongeza muda utaongezewa kwa masharti yako ya zamani au kwa masharti mapya watakayokuwa nayo siku hiyo. Kisha kila ulichoahidiwa kwa mdomo, hasa kiasi cha faida, omba kiandikwe. Aliyekutajia namba akakataa kuiandika, isikuingie tena kwenye hesabu zako.

Kuna jambo la tabia pia, nilitaje kwa kifupi. Kama wewe ni mtu wa kubuni, wa kubadilisha bei na mpangilio kila unapopata wazo, franchaizi itakunyonga. Anzisha ya kwako. Na kabla ya kuamua, omba kufanya kazi kwenye tawi lililopo, wiki mbili hivi, bila malipo. Mimi nilipiga deki ofisi za watu usiku, siku 12. Nilijua tatizo la biashara ile ni wafanyakazi kuacha kazi ghafla, jambo ambalo hakuna karatasi yoyote ilikuwa imenieleza, na nikapanga fedha za kulikabili kabla halijanikuta.

Nilichukua siku 19 tangu kupewa mkataba wa pili hadi kutia saini. Vifungu vitatu vilibadilishwa, kimojawapo kikiniruhusu kununua sabuni popote mradi ifikie viwango vyao. Kampuni ikaniomba ruhusa ya kuwapa wanunuzi wapya namba yangu, nikakubali. Wanapiga zaidi Jumapili mchana. Daftari langu liko kwenye droo ya meza, safu mbili, buluu na nyekundu, na anayeuliza namsomea ile nyekundu.