Uzito wa sampuli ni wa lazima
Uzito wa sampuli, yaani namba inayorekebisha mchango wa kila kaya au mtu aliyehojiwa ili matokeo yawakilishe nchi nzima, ni lazima utumike kabla ya kukokotoa asilimia za kitaifa kutoka Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022, kwa sababu mikoa mitano ya Zanzibar ilipewa kaya nyingi kuliko sehemu yake ya watu, ambayo kwa Sensa ya 2022 ni takriban asilimia 3 tu ya Watanzania milioni 61.7. Katika faili la data za wanawake la utafiti huo, safu ya uzito ni v005, nayo hugawanywa kwa 1,000,000. Huwa ninawasisitizia sana watafiti wachanga jambo hili, kwani ukilisahau programu haitoi onyo lolote. Hesabu kamili ya sensa haihitaji uzito huo, isipokuwa unapotumia sampuli iliyochotwa humo.